Kifundo cha Mguu: Kimeteguka au Kimevunjika?

Watu wengi wakiumia kifundo cha mguu hukimbilia kukandwa. Jambo hili ni la hatari, maana mfupa uliovunjika ukikandwa huweza kusogea zaidi. Uvimbe peke yake hauonyeshi kama mfupa umevunjika. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchi ya Kanada, walieleza dalili zifaazo. Mgonjwa asipoweza kwenda hatua 4, au akisikia maumivu mifupa ya kifundo inapobonyezwa kwa nyuma, yafaa apigwe picha hospitali. Ufungeni mguu kwa vipande viwili vya ubao vilivyozungushiwa nguo, bila kuukaza mno, kisha mpelekeni. Ikiwa umeteguka tu, upumzisheni, uinueni, na kuuwekea kitambaa cha maji baridi. Maumivu yakipungua, aanze kutembea polepole.