Korongo wa mashambani wanatoka wapi?

Msikilizaji mmoja wa Peramiho alituuliza katika kipindi cha asubuhi: wale ndege wakubwa weupe, wenye mabawa meusi nyuma na mdomo na miguu myekundu, wanaotembea shambani wakati wa palizi, wanatoka wapi? Mbona kiangazi hawaonekani?

Hao ni korongo weupe, na wengi wao wanatoka Ulaya. Usiwachanganye na yangeyange, yule mdogo mweupe pee anayefuata ng'ombe. Korongo hutaga na kulea makinda huko Ulaya. Ifikapo Agosti huanza safari, maana baridi ikikaribia, panzi na vyura huadimika. Huku kwetu Ruvuma mvua huanza Novemba, na mashamba hujaa wadudu wakati Ulaya ni majira ya baridi. Korongo anafuata chakula.

Safari hiyo inazidi kilomita 6,000. Korongo hapigi mabawa muda wote, bali hupandishwa na hewa ya joto inayotoka ardhini, kisha huteleza angani. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Ndiyo maana wengi huizunguka Bahari ya Mediterania kwa kupitia Uturuki na Misri, kisha hushuka kwa kufuata bonde la mto Nile.

Zamani Wazungu hawakujua ndege hawa huenda wapi. Mwaka 1822, huko Ujerumani, alipatikana korongo mwenye mkuki wa Kiafrika wa sentimita zipatazo 80 uliopenya shingoni. Alikuwa amechomwa Afrika, akaruka nao hadi Ulaya. Alikaushwa, na mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Mbayuwayu wenye koo jekundu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme msimu huu nao ni wageni. Wao hawajengi viota hapa. Wale wanaojenga viota vya udongo kwenye kuta zetu ni mbayuwayu wa aina nyingine, wenyeji wa Afrika.

Mkulima anapata nini kwa wageni hawa? Korongo hula nzige, panzi na viwavijeshi, wadudu walewale wanaotumalizia mahindi. Lakini sumu tunayopulizia inaweza kumdhuru ndege aliyekula mdudu aliyekwisha kunyweshwa. Kabla ya kupulizia, muulize afisa ugani dawa ipi inafaa, kipimo gani na wakati gani. Watoto nao tuwakanye kuwinda ndege hawa kwa manati.

Ukimkuta korongo aliyekufa akiwa na pete mguuni, usiitupe. Watafiti huvisha ndege pete zenye namba ili kujua safari zao. Andika namba hiyo, tarehe na mahali, kisha upeleke taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Je, msimu huu korongo wamefika shambani kwako? Tupigie tukiwa hewani utuambie umewaona kijiji gani na tarehe ngapi.