Vipepeo wa Arabuko-Sokoke: Riziki Inapoulinda Msitu

Makala haya yanalenga kujibu swali ambalo mijadala ya uhifadhi aghalabu hulikwepa: anayeishi ukingoni mwa msitu ale nini? Msitu wa Arabuko-Sokoke, katika Kaunti ya Kilifi, una ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba. Nao umo katika hifadhi ya biosfia ya Malindi na Watamu, yaani eneo ambamo maisha ya watu huhesabiwa pamoja na uhai wa miti na wanyama. Humo mna bundi mdogo wa Sokoke na sange mwenye kiuno cha dhahabu, viumbe adimu mno duniani. Hata hivyo, kwa mkulima wa Kigiriama ambaye mahindi yake yameliwa na ndovu na nyani, uadimu huo haukuwa na tija. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi walitaka msitu ufyekwe, wagawiwe mashamba.

Mnamo mwaka 1993 mradi wa Kipepeo ulianzishwa huko Gede. Mkulima hunasa vipepeo majike msituni, akawatia katika kizimba cha wavu penye mimea wanayotagia, kisha akawalisha viwavi majani ya mimea hiyo hadi wajifunge ndani ya ganda. Kinachouzwa ni ganda hilo. Mradi huyanunua maganda na kuyasafirisha kwa ndege hadi kumbi za maonyesho za Ulaya na Marekani, na sharti yafike kabla vipepeo hawajatoka. Wanabiolojia huiita hatua hii ‘pupa’. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutabasamu, kwani biashara yenyewe ni kinyume cha pupa: majike wachache hutosha kuzaa viwavi wengi, ilhali msitu ukifyekwa majike hao hawapatikani tena. Hivyo mfugaji ana sababu yake mwenyewe ya kumkataza jirani kukata miti, hata askari wa msitu asipokuwapo.

Udhaifu ni kwamba mnunuzi yuko ng'ambo. Mwaka 2020, kumbi za maonyesho zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19 na ndege za abiria zikasitishwa, soko lilizibika. Isitoshe, si kila jirani wa msitu anayefuga vipepeo; mchoma makaa bado ana wateja kila siku. Asali ya msitu, ambayo mradi huo pia huiuza, huweza kununuliwa papa hapa nchini. Kwa maoni yangu, mizinga ingestahili kupewa kipaumbele kabla ya kizimba kingine cha vipepeo.