Kituliza usukani: jina la spea na ahadi yake

Ukimsikiliza makanika wa Malaba akizungumza na mwenye Land Cruiser, huenda ukasikia sentensi kama hii: "Mzee, hii gari inacheza steringi, tuiwekee dampa." Mwanafunzi wa sarufi atakimbilia upatanisho: gari hili linacheza. Sawa, na asahihishe. Lakini tatizo kubwa limo katika kitenzi chenyewe. "Inacheza" haisemi gari linaugua nini, na mwenye gari atalipia spea kwa ugonjwa usiojulikana.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha vya kutenganisha magonjwa hayo. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo fulani kisha ukatulia ukibadilisha mwendo, mara nyingi ni magurudumu ambayo hayajasawazishwa uzito (mafundi husema "hayana balansi"). Gari likiyumba barabarani, kagua viungo vya usukani na beringi. Likivuta upande mmoja, anza na upepo wa matairi na breki. Usukani ukiwa na mchezo, yaani unauzungusha kidogo na magurudumu hayaitiki, kuna mahali palipolika. Halafu kuna lile la kutisha: tairi linapiga shimo kwenye murramu ya kuelekea Budalang'i, na magurudumu ya mbele yanaanza kupapatika kulia na kushoto hadi usukani unataka kukuchomoka mikononi. Kupapatika ni kitenzi cha kuku aliyechinjwa, na aliyewahi kupatwa na jambo hilo hatabisha.

Sasa hiyo dampa ni nini? Ni silinda yenye mafuta ndani, ndugu wa shokomzoba ila hii hulazwa. Upande mmoja hufungwa kwenye fito zinazogeuza magurudumu, upande wa pili kwenye ekseli au fremu. Ukigeuza usukani polepole, mafuta hupenya vitundu vya ndani bila shida. Gurudumu likitupwa ghafla, mafuta hayawahi kupita, hivyo mtupo hupungua nguvu.

Sidharau neno dampa. Bodaboda nalo lilikuwa neno la watu wa baiskeli, hapo Busia, wakivusha abiria kati ya geti la Kenya na la Uganda. Leo tunaliandika magazetini bila alama za kunukuu. Ila nikitakiwa kuunda istilahi, nitafuata njia ya kipaza sauti na kizima moto: kituliza usukani. Kizuia mtikisiko ningekikataa kwa sababu kinaahidi kisichoweza kutimiza. Kutuliza si kutibu. Dawa ya kutuliza maumivu haiponyi jino lililooza, na kituliza usukani kipya kitaficha kiungo kilicholika kwa muda tu, huku kiungo kikiendelea kulika mpaka kikatike.

Kwa hiyo ukitaka kuifunga mwenyewe nyumbani, kagua kwanza. Mtu mmoja achezeshe usukani, wewe ukitazama kila kiungo. Kinacholegea kibadilishwe kabla ya dampa. Kisha egesha mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe au magogo, nyoosha usukani. Toa pini ya kuzuia nati, fungua nati. Mguu wa kiungo ukigoma kutoka tunduni, gonga ubavu wa chuma kilichoushika; usigonge nyuzi za boliti. Hapa lugha ina kazi, maana "gonga hapo" imeharibu boliti nyingi.

Dampa mpya ivutwe na kusukumwa mara kadhaa kabla ya kufungwa, ili ujue inakwenda sawasawa. Ikishafungwa na kukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji, zungusha usukani mpaka mwisho wa kulia, kisha mwisho wa kushoto. "Mwisho" huo lazima uwe wa magurudumu, usiwe wa dampa. Dampa ikifika kikomo kabla ya magurudumu, ni fupi au imefungwa vibaya, na siku ya kona kali itazuia gari kugeuka au itavunjika. Tazama pia kama inagusa fremu au bomba la breki.

Limebaki jina la spea isiyotoka kwa mtengenezaji wa gari. Madukani utaambiwa ni "jenuini" au "feki", kana kwamba hakuna cha katikati. Kipo: spea halali ya kampuni nyingine, wakati mwingine imara kuliko ya awali. Naiita spea mbadala. Baadhi ya dampa mbadala hujazwa gesi, na gesi husukuma fito ya dampa itoke hata gari likiwa limesimama. Ukishaifunga, jaribu gari polepole mahali pasipo watu. Likianza kuvuta upande mmoja wakati jana halikuvuta, usikimbilie alainimenti. Fungua dampa, ujaribu tena bila hiyo, ndipo umrudie muuzaji ukiwa na kitenzi sahihi.