Hema la Haki

Neno tzedakah la Kiebrania na sadaka ya Kiswahili, iliyofika pwani kwa njia ya Kiarabu, yana shina moja. Kwa Wayahudi shina hilo ndilo linalozaa pia tzedek, yaani haki. Kumpa maskini ni kulipa deni, si kumfanyia hisani. Kwa fikra hiyo, waumini wa masinagogi mengi ya Marekani hawaishii kugawa chakula na nguo, bali huuliza pia kwa nini jirani amekosa.

Sinagogi la Temple Israel mjini Boston, lililoanzishwa mwaka 1854, lina kundi liitwalo Ohel Tzedek, "Hema la Haki". Msingi wa kazi yake ni kusikiliza. Muumini huketi na mwenzake, wakaulizana ni jambo gani linalowakosesha usingizi. Kisha watu wachache hukusanyika sebuleni kwa mmoja wao kulinganisha waliyoyasikia. Ni kazi ya polepole, lakini pasipo hiyo hakuna kinachosimama, maana mtu hujitoa zaidi kwa jambo lililomuuma nyumbani, kama bili ya hospitali au mama mzee asiye na wa kumuuguza, kuliko kwa ajenda aliyoletewa na kamati.

Hata hivyo, sauti ya sinagogi moja haifiki mbali serikalini. Ndiyo maana Temple Israel iliungana na makanisa na taasisi nyingine katika muungano wa Greater Boston Interfaith Organization, uliozinduliwa mwaka 1998. Mbinu zake ni za shirika la Industrial Areas Foundation, lililoasisiwa mwaka 1940 na Saul Alinsky, Myahudi wa Chicago. Wanachama hulipa ada ili wasitegemee fedha za serikali, na mwanasiasa huitwa mbele ya umati aseme wazi kama atawaunga mkono au la.

Kilio cha matibabu kiliwafikisha mbali. Wakishirikiana na makundi mengine, walikusanya saini na kuwabana wabunge wa jimbo, hadi tarehe 12 Aprili 2006 Gavana Mitt Romney alipotia saini sheria ya bima ya afya ya Massachusetts, iliyokuja kuwa kielelezo cha sheria ya taifa ya mwaka 2010.

Mwaka huohuo wa 2006, Rabi Jonah Pesner wa Temple Israel alianzisha Just Congregations, mpango wa kuyafundisha masinagogi mengine ya dhehebu la Kiyahudi la Reform kazi hiyohiyo, ikianza na yale mazungumzo ya watu wawili.