Daktari Burkitt na Ramani ya Uvimbe

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amwangalie mtoto wa miaka mitano. Taya zimevimba kushoto na kulia, juu na chini, meno yanacheza. Burkitt hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule.

Tangu hapo hakuuliza tu ni ugonjwa gani. Aliuliza unapatikana wapi. Huenda mazoea hayo ya kufikiri kwa ramani aliyapata nyumbani. Baba yake, mhandisi huko Ireland, alikuwa akiwavisha ndege wadogo pete miguuni ili ajue mipaka ya eneo la kila mmoja. Denis, aliyezaliwa 1911, alipoteza jicho moja utotoni, lakini akawa daktari wa upasuaji. Alimwoa Olive mwaka 1943, wakati wa vita, na jeshi likamleta Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha alirudi kufanya kazi Uganda, na huko wakalea mabinti zao watatu.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wamisionari walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakaondoka Kampala kuelekea kusini. Wiki kumi, kilomita kama 16,000, hospitali baada ya hospitali, swali moja na picha mkononi: mmewahi kuona watoto wa namna hii? Jibu lilifuata mwinuko wa nchi. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, uvimbe haukuwapo. Kwenye joto na mvua ya kutosha, ulikuwapo. Ramani hiyo ilikaribiana mno na ya malaria.

Kabla ya safari hiyo alikuwa ametoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwa ukumbini. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi kwa Epstein. Kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, kikafika majimaji yake yamechafuka kama yaliyooza. Kumbe zilikuwa chembe za saratani zikielea, hai. Kutoka humo, mwaka 1964, darubini ya elektroni ilionyesha kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr. Watu wazima wengi duniani wanacho bila kudhurika. Lakini kwa mtoto aliye nacho, malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe za kinga zizaane ovyo, na katika vurugu hiyo jeni moja ikihama mahali pake, saratani huanza.

Kampala haikuwa na mashine za mionzi, kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu. Mimi naliona hilo kubwa kuliko safari yake yote.

Aliporudi Uingereza, mwaka 1966, alihamia kwenye utafiti wa nyuzinyuzi za chakula, akipima na kupiga picha vinyesi bila haya. Alipenda kusema kwamba penye choo kidogo hujengwa hospitali kubwa. Aliendelea kuhutubia hivyo hadi uzeeni, akafariki 1993 akiwa na miaka 82.