Msumeno wa Zamani au Mpya?

Mti uangukapo barabarani usiku, doria hukwama na majeruhi aliye ng'ambo husubiri. Hapo kikosi hutegemea msumeno wa injini. Je, uchaguliwe wa zamani au mpya?

Tuitazame misumeno miwili ya kampuni ya Stihl ya Ujerumani. MS 660 ni wa zamani. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 91.6. MS 661 C-M, uliochukua nafasi yake, una 91.1. Ukubwa basi si hoja. Tofauti imo katika kabureta. Ya zamani hurekebishwa kwa bisibisi: kikosi kipandapo mlimani penye hewa nyepesi, petroli huzidi na injini hulegea mpaka fundi aikaze skrubu. Mpya hujirekebisha yenyewe kwa umeme, tena hutumia petroli kidogo zaidi. Lakini umeme huo ukiharibika, bisibisi haifui dafu. Hutakiwa kifaa maalumu cha kuupima.

Hivyo, kituo kilicho karibu na karakana yenye kifaa hicho na kichague mpya. Kilicho mbali, chenye fundi hodari na vipuri, kisiudharau wa zamani.