Pumu ya Mtoto Majira ya Joto na Dhoruba: Tujiandae Kabla ya Wingu

Wingu zito linapotanda baada ya siku za joto kali, kila mkazi hukimbilia kuanua nguo na kuingiza ndani mahindi yaliyoanikwa. Mzazi mwenye mtoto wa pumu ana jambo jingine la kuangalia: dawa ya mtoto ipo wapi, na je, inatosha?

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa. Njia hizo huvimba kwa ndani, hubana na kujaa makohozi, ndipo mtoto huanza kukohoa, hasa usiku, na kifua chake kutoa mlio kama filimbi. Upepo unaotangulia mvua hutimua vumbi na chavua za maua ya nyasi. Unyevu wa dhoruba hupasua chavua hizo kuwa vipande vidogo mno, vinavyoweza kuingia ndani kabisa ya mapafu. Novemba 2016, dhoruba ya namna hiyo katika jiji la Melbourne, nchini Australia, iliwapeleka maelfu ya watu hospitalini, na watu 10 walifariki dunia.

Katika nyumba zetu ipo hatari nyingine. Mvua inaponyesha, jiko la mkaa au la kuni huhamishiwa ndani na madirisha hufungwa. Mtoto aliyekimbizwa ndani akwepe mvua hujikuta ndani ya moshi. Jiko libaki kwenye banda la nje lenye paa, au mtoto akae chumba kingine mbali na moshi. Sigara na udi visiwashwe ndani, na nguo zenye unyevu zisianikwe chumbani anamolala.

Dawa za pumu za kuvuta, ambazo wengi huziita inhela, ni za aina mbili. Ya kwanza hutuliza shambulio kwa kufungua njia za hewa. Hii ni salbutamol. Ya pili hupunguza uvimbe na hutumika kila siku kama alivyoelekeza mtabibu, hata mtoto anapoonekana mzima. Wazazi wengi huiacha hii ya pili kwa kuhofia kwamba mtoto “atazoea”. Hofu hiyo haina msingi: dawa hizi hazileti uraibu, na kuiacha ya kila siku humwacha mtoto bila kinga dhoruba inapofika. Mtoto anayehitaji dawa ya kutuliza zaidi ya mara 2 kwa wiki arudishwe kituoni apimwe upya. Dawa isiachwe juani wala karibu na jiko.

Dawa hufika vizuri zaidi mapafuni ikipitia chombo maalumu cha kuvutia. Asiye nacho anaweza kutumia chupa safi ya plastiki ya maji ya nusu lita: kitako chake hutobolewa tundu linaloenea mdomo wa inhela bila kuacha nafasi, na mtoto huvuta hewa kupitia mdomo wa chupa. Mtoto mdogo asiyeweza kubana chupa kwa midomo huhitaji barakoa yake. Mwombe mhudumu wa zahanati akuonyeshe, kisha ufanye mbele yake.

Shambulio likianza, mkalishe mtoto wima, umlegeze nguo na uzungumze naye kwa utulivu. Tikisa dawa ya kutuliza, bonyeza mara moja, apumue kupitia chupa mara 5 au 6. Kisha rudia mbonyezo wa pili. Asipopata nafuu, rudia baada ya dakika 20 huku safari ya kituoni ikiandaliwa. Usimfukize kwa majani wala kumlaza chali.

Usingoje hata kidogo ukiona dalili hizi: anashindwa kuongea, kunywa au kunyonya, mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, midomo inageuka rangi ya bluu, analegea au kusinzia, au mlio wa kifua unatoweka ilhali bado anahangaika kupumua. Mpeleke kituo cha afya au hospitali mara moja, ukiendelea kumpa dawa njiani.

Mvua hiyo hiyo inayochochea pumu ndiyo hujaza mito na kuharibu barabara. Mwendo wa nusu saa waweza kuwa wa saa 3. Kwa hiyo sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, chukua dawa mpya kabla ya ile ya zamani kuisha, kubaliana mapema na jirani mwenye chombo cha usafiri, na umweleze mwalimu wa mtoto mahali dawa inapowekwa. Mwenye swali amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wake, au afike zahanati iliyo karibu, sasa jua lingali linawaka.